Mpaka wa shamba unapogombaniwa: njia ya kufuata kutoka shambani hadi barazani

Plau inayokokotwa na maksai hukata mstari wenye upana wa takriban sentimita 20. Jirani anayeongeza mstari mmoja tu kila msimu, kwa makusudi au kwa kufuata tu kwato za ng'ombe, atakuwa ameingia mita mbili baada ya misimu kumi, na ikiwa mpaka wenu una urefu wa mita 150, eneo lililohama linafikia mita za mraba 300, ambazo zinatosha kujenga nyumba na kubakiza bustani ya mboga. Hivyo ndivyo mipaka mingi inavyoliwa: polepole, bila mtu kupiga kelele, hadi mzee aliyekuwa akiijua anapofariki au mmoja wenu anapotaka kuuza. Hapo kila upande hujikuta unadai kwa nguvu jambo ambalo hauna namna ya kulithibitisha.

Mwongozo huu unamhusu mwenye shamba katika ardhi ya kijiji Tanzania Bara, inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na ambayo migogoro yake hupitia vyombo vilivyowekwa na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, yakiwamo mabaraza ya kijiji, kata na wilaya. Zanzibar ina sheria zake, na viwanja vilivyopimwa mijini vina utaratibu wake wa kufufua mipaka. Sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kazi ya kufanya kabla ya kufungua shauri lolote, wakati alama bado zipo ardhini na wazee bado wana nguvu za kutembea hadi shambani, kwa kuwa huko ndiko ushindi na ushinde wa mpaka unakoamuliwa.

Hatua ya kwanza: Tenganisha mpaka na umiliki

Jiulize swali moja kabla ya kumwendea mtu yeyote: je, jirani anakubali kwamba shamba ni lako na mnabishana kuhusu mstari unapopita, au anasema shamba zima si lako? La kwanza ni mgogoro wa mpaka, la pili ni mgogoro wa umiliki, na ushahidi unaohitajika ni tofauti kabisa. Mtu mwenye ugomvi wa mita mbili anayekwenda barazani kudai kwamba jirani "amevamia shamba langu lote la urithi" anaweka shamba zima mezani, na jirani naye, akiona moto umewashwa, atatafuta madai ya babu yake ambayo vinginevyo asingeyakumbuka.

Madai ya babu yana historia yake. Wakati wa Operesheni Vijiji watu wengi waliondolewa kwenye maeneo yao ya asili na kugawiwa mashamba mapya, na hadi leo wapo wajukuu wanaorudi kudai mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji imelizungumzia hilo waziwazi: ugawaji uliofanywa kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977 kwa watu waliohamishiwa vijijini ulithibitishwa kuwa halali, na haki za waliokuwapo kabla yake katika ardhi hiyo zilikoma. Kwa hiyo, ikiwa familia yako iligawiwa shamba katika operesheni hiyo, usikubali kuvutwa kwenye mabishano ya nani alikuwa na mahame hapo zamani. Tafuta ushahidi wa kugawiwa, kisha urudi kwenye mstari wa mpaka.

Katika hatua hii pia hakikisha wewe ndiye mwenye haki ya kudai. Ikiwa shamba ni la marehemu baba yako na mirathi haijafunguliwa, huwezi kushtaki kwa jina lako kwa sababu tu wewe ni mtoto wa kwanza, au kwa sababu ndiye unayelima. Ukoo ukae, umpendekeze msimamizi, naye aende Mahakama ya Mwanzo kuteuliwa, kisha ndiye afungue shauri kwa niaba ya mirathi. Mashauri hutupwa kwa kasoro hii baada ya mashahidi wote kusikilizwa, na hakuna hasara inayouma kama hiyo, kwa sababu ingeweza kuzuilika kwa muhtasari wa kikao cha ukoo na barua moja ya uteuzi.

Hatua ya pili: Lisome shamba kabla ya kuzisoma karatasi

Tembea mpaka wote kutoka pembe hadi pembe, ikiwezekana mwishoni mwa kiangazi wakati majani yamekauka na ardhi iko wazi. Kila eneo lina mimea yake ya mpaka. Kilimanjaro ni masale, ambayo Wachaga huyatumia pia kuombea msamaha. Singida, Dodoma na Usukumani utakuta minyaa. Tanga na Morogoro mikonge iliyopandwa kwa mstari ni jambo la kawaida. Na sehemu nyingi utakuta mibono. Mimea hii ilichaguliwa kwa sababu haifi kirahisi. Mkonge ukikatwa huacha kisiki na machipukizi, sale likivunjwa huchipua tena, na mnyaa uliochomwa moto huacha mashina meusi ardhini. Aliyefuta mpaka huwa amefuta juu tu, kwa hiyo chimbua kidogo kwa jembe la mkono, taratibu, mbele ya mashahidi, mahali ambapo mstari wa zamani unaonekana kukatika.

Tazama vilevile umri wa mimea. Mstari wenye minyaa minene kama paja la mtu mzima, kisha ghafla ukakunja na kuendelea na vijiti vyembamba vya mwaka jana, unakueleza mahali mpaka ulipohamishwa na takriban lini. Kwenye miteremko, kama Lushoto au Mbinga, angalia ngazi ya udongo: ukanda wa majani uliokaa mpakani kwa miaka mingi huzuia udongo unaoteremka na mvua, hivyo upande wa juu hujaa na upande wa chini huchimbika, na baada ya miaka ishirini unapata kingo la kufika gotini au zaidi. Kingo la namna hiyo halitengenezwi kwa msimu mmoja. Baraza likilitembelea, linaliona kwa macho yake lenyewe.

Mito na makorongo ni alama mbaya za mpaka kwa kuwa huhama. Ikiwa mpaka wenu ni mto, uliza ulipita wapi wakati shamba linagawiwa, na utafute mti mkubwa au jiwe lililo karibu ambalo halijahama. Ujue pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wapo majirani wanaopelekana barazani kwa ajili ya ukanda ambao hakuna kati yao anayepaswa kujenga.

Piga picha za kila alama ukisimama mahali ambapo kitu kisichohamishika kinaonekana nyuma, kama vile mlima, shule au mnara wa simu. Picha ya kisiki cha mkonge peke yake haisemi kiko wapi. Usichomeke kigingi chochote wala kupanda mti mpya wakati huu, hata kama una hakika kwa asilimia mia, kwa sababu utakuwa umeharibu ushahidi wako mwenyewe na kumpa jirani sababu ya kusema kwamba mvamizi ni wewe.

Hatua ya tatu: Pima, lakini ujue kipimo chako kina mipaka

Vijijini ekari moja huhesabiwa kuwa hatua 70 kwa 70. Hesabu hiyo ni sahihi pale hatua inapokuwa na urefu wa karibu sentimita 91, kwani ekari kamili ni kama mita za mraba 4,047. Mtu mfupi mwenye hatua ya sentimita 75 akipima 70 kwa 70 anapata takriban mita za mraba 2,760 tu, yaani theluthi mbili ya ekari. Hapa ndipo mizizi ya migogoro mingi ya mashamba ya kununua ilipo: karatasi inasema ekari tatu, muuzaji alipima kwa miguu yake, mnunuzi akaja na kamba ya mita, akakuta pungufu, akaamini kwamba jirani ndiye aliyeila ardhi yake. Jirani hana kosa lolote. Kama karatasi yako inataja hatua, uliza nani alizipiga, na ikiwezekana azipige tena mkiwa wote mnaangalia.

Simu yenye GPS inafaa kwa kukadiria ukubwa wa shamba zima. Haifai kuamua mpaka wa mita mbili, kwa sababu hata katika eneo la wazi inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na chini ya migomba au mikorosho mnene hukosea zaidi. Ukionyeshwa ramani ya rangi kwenye simu ikidai kwamba mstari unapita katikati ya jiko la jirani, iheshimu kwa kiasi hicho tu. Ikiwa kipande kinachogombaniwa kina thamani inayostahili gharama, mwombe afisa ardhi wa halmashauri akuelekeze kwa mpima aliyesajiliwa, na mwalike jirani awepo siku ya kupima, kwani upimaji wa siri hauna msaada mbele ya mtu aliyekwisha kukasirika. Mpima naye hawezi kubuni mpaka. Anapima mstari ambao ninyi na mashahidi wenu mnamwonyesha, au ule uliokwisha kuandikwa katika hati.

Hatua ya nne: Kusanya karatasi na watu

Karatasi za kutafuta ni hati ya hakimiliki ya kimila kama ipo, mkataba wa mauziano, muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji uliokugawia ardhi, na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichogawa urithi. Tafuta nakala halisi, si za kivuli. Mkataba wa mauziano ambao haujalipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa kuwa ushahidi hadi ulipiwe, kwa hiyo ni afadhali kushughulikia hilo mapema kuliko kulisikia kutoka kwa wakili wa upande wa pili.

Kama ulinunua, angalia kama mauziano yalipata ridhaa ya Halmashauri ya Kijiji. Mihuri ya mwenyekiti wa kitongoji peke yake imewaponza wanunuzi wengi. Tangu katika shauri la mwaka 1985, Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshikilia kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini ya Halmashauri ya Kijiji hayana nguvu, na msimamo huo umekuwa ukirudiwa. Ukigundua pengo hilo upande wako, tafuta ushauri wa kisheria kabla ya kuanza mapambano ya mpaka, kwa maana jirani akiligundua kabla yako ataacha kuzungumzia mstari na kuanza kushambulia ununuzi wako. Ikiwa aliyekuuzia bado yupo, mpate mapema. Kama shauri litagusa uhalali wa mauziano, atahitajika kuunganishwa ndani yake.

Kuhusu mashahidi, anayefaa zaidi ni jirani anayepakana nanyi wote wawili, ambaye kona ya shamba lake inagusa mstari unaobishaniwa. Wa pili ni aliyekuwapo siku ya kugawa au kuuziana. Watoto wako na mkeo au mumeo wanaweza kutoa ushahidi, lakini wakiwa peke yao uzito wao ni mdogo. Usimfundishe shahidi la kusema. Mpeleke shambani, mwombe akuonyeshe mwenyewe mpaka unapopita, na kama anaonyesha mahali tofauti na unapoamini, hiyo ni habari ya thamani kubwa ambayo umeipata bure. Mzee mwenye umri mkubwa au anayeugua atembezwe sasa, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na maelezo yake yaandikwe na kusainiwa au kuwekwa dole gumba.

Upo pia muda wa kuzingatia. Shauri la kurejesha ardhi lina ukomo wa miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza. Jirani akikaa wazi kwenye kipande chako kwa muda huo, bila ruhusa yako, nawe ukanyamaza, unaweza kukuta mlango umefungwa. Aliyeingia kwa ruhusa yuko katika hali nyingine. Uliyemwazima sehemu ya kulima, au aliyekaribishwa na baba yako ajenge kibanda, hawi mmiliki kwa sababu ya kukaa muda mrefu. Tatizo ni kuthibitisha kwamba alikaribishwa, na ndiyo maana hata kumwazima ndugu yako nusu ekari ya kulima mahindi kunastahili karatasi yenye mistari miwili.

Hatua ya tano: Mwendee jirani, na mkikubaliana andikeni

Ukishajua unachokijua, ongea naye. Ikiwa ni mtu aliyekuzidi umri, au ni baba yako mdogo, kama inavyotokea mara nyingi kwa kuwa mashamba yanayopakana yalikuwa shamba moja la babu, tumia mtu anayeheshimika atangulie kupeleka neno. Lugha ya ombi inafaa kuliko ya shutuma: "Baba, shikamoo. Nilikuwa naomba kabla ya mvua tutembee mpaka wetu pamoja, tuwe na watu wawili watatu, ili vijana wetu wasije wakagombana." Hapo hujamwita mwizi, na umempa nafasi ya kurudi nyuma bila kuaibika. Nafasi hiyo huokoa gharama kubwa, kwani wengi wanaoshikilia mita moja ya ardhi hadi Mahakama Kuu hushikilia heshima yao zaidi kuliko udongo.

Mkikubaliana, msiishie kupeana mikono. Andikeni siku hiyohiyo, kwa Kiswahili chepesi, na mstari uelezwe kiasi kwamba mtu asiyewajua angeweza kuufuata. Kwa mfano: "Mpaka unaanzia kwenye mwembe mkubwa ulio pembeni mwa njia ya kwenda kisimani, unanyooka kuelekea mashariki mita 84 hadi kwenye kisiki cha mkonge tulichokiwekea jiwe, kisha unakata kulia mita 61 hadi kwenye ukingo wa korongo. Upande wa kaskazini na mashariki mwa mstari ni wa mtu wa kwanza, upande wa kusini na magharibi ni wa mtu wa pili. Mahindi yaliyopo sasa yatavunwa na aliyepanda, na baada ya mavuno kila mtu atabaki upande wake." Kuhusu mazao yaliyopo shambani, usiache sentensi hiyo. Makubaliano mengi mazuri huvunjika mwezi wa mavuno. Wake na waume wa pande zote wasaini pia, pamoja na vijana wakubwa wanaolima shamba hilo, mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wasiopungua wawili, na mchoro mdogo uambatanishwe.

Hatua ya sita: Ngazi ya kijiji na kata

Mazungumzo yakishindikana, nenda kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hili lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Halitoi hukumu, na mtu halazimishwi kukubali ushauri wake. Wengine hulidharau kwa sababu hiyo, jambo ambalo naliona kuwa kosa: wajumbe wake wanalijua shamba, wanaweza kufika kwa miguu, na muhtasari wao unabaki kuwa kumbukumbu ya nani alisema nini mapema, kabla hadithi hazijanyoshwa. Omba nakala ya muhtasari huo.

Baraza la Kata linahitaji maelezo zaidi kwa kuwa watu wengi bado wanafuata utaratibu wa zamani. Hadi mwaka 2021 Baraza la Kata liliweza kusikiliza na kuamua migogoro midogo ya ardhi. Marekebisho ya sheria ya mwaka huo yaliliondolea mamlaka ya kuamua na kulibakizia usuluhishi. Hata hivyo huwezi kuliruka. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri linalohusu haki katika ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba limeshindwa kuwasuluhisha, isipokuwa pale ambapo siku 30 zimepita tangu ulipofikisha lalamiko bila usuluhishi kukamilika; hapo unaruhusiwa kuendelea bila cheti. Kwa hiyo peleka lalamiko lako kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Bila tarehe hiyo, siku 30 utazihesabu kutoka wapi? Ukiona Baraza la Kata limetoa "hukumu" ya kukupa au kukunyang'anya ardhi, ujue limevuka mamlaka yake.

Mawakili hawaruhusiwi kuwakilisha watu katika Baraza la Kata, na jambo hilo linawafaa wasio na fedha. Kwa maandalizi, msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 anaweza kukusaidia bila malipo.

Kabla ya kuendelea, neno kuhusu polisi. Jirani akikukata panga au akichoma nyumba, hilo ni la polisi bila kujali mpaka uko wapi. Kung'oa alama ya mpaka kwa nia ya kudanganya nako ni kosa katika Kanuni ya Adhabu. Lakini kumfungulia mtu kesi ya jinai ya kuingia shambani kwako, wakati yeye naye anadai kwa dhati kwamba shamba ni lake, ni njia isiyofika. Mahakama zimekuwa zikieleza kwamba jinai ya namna hiyo haiwezi kusimama hadi umiliki uamuliwe kwanza katika shauri la madai. Wanaotumia njia hii hupata siku mbili za kumwona jirani yuko mahabusu na miaka kumi ya uadui.

Hatua ya saba: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya

Baraza hili linasikiliza mashauri ya kurejesha mali isiyohamishika yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, kiwango ambacho mashamba mengi ya vijijini hayafikii. Jambo linaloangusha maombi mengi ni maelezo ya eneo. Kuandika "shamba lililopo kijiji fulani" hakutoshi, kwa sababu baraza likiamua kwa upande wako halitajua limekupa nini na dalali anayetekeleza uamuzi wake hatajua akuonyeshe wapi. Taja kitongoji, kijiji, kata na wilaya, ukubwa wa shamba lako lote, ukubwa wa kipande kinachogombaniwa, kisha nani au nini kinapakana nacho kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Tumia yale uliyoyaona katika hatua ya pili, ukiweka vipimo vilevile katika maombi, katika mchoro na katika vinywa vya mashahidi. Anayedai ekari mbili kwenye karatasi na kusema ekari moja na nusu akiwa kizimbani amemtetea jirani yake bila kulipwa.

Usiiunganishe Halmashauri ya Kijiji kama mdaiwa kwa sababu tu mtendaji wake alikuudhi. Kuishtaki serikali ya mtaa, kijiji kikiwamo, kunahitaji notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwenda Mahakama Kuu, hivyo mgogoro wa mita mbili unageuka kuwa safari nyingine kabisa. Mtendaji anaweza kuitwa kama shahidi.

Ikiwa jirani anaendelea kukata miti au kuanza kujenga, omba zuio la muda mapema ili hali ibaki ilivyo. Omba pia baraza litembelee eneo. Kwa mashauri ya mpaka naliona ombi hili kuwa muhimu kuliko hotuba yoyote, na Mahakama ya Rufani ilieleza tangu mwaka 1980 jinsi ziara hiyo inavyopaswa kufanywa: pande zote ziwepo pamoja na mashahidi wanaohusika, mambo yaonekane na kuandikwa, na yaliyoandikwa yasomwe mbele ya wote. Siku hiyo ukingo wa udongo, visiki na umri wa minyaa vitajieleza vyenyewe. Safisha njia ya kupita, lakini usiguse mpaka.

Asiyeridhika na uamuzi uliotolewa katika shauri lililoanzia barazani hapo ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji. Kabla ya kwenda huko, weka bei ya kipande kinachogombaniwa upande mmoja na nauli, ada na siku za kazi upande mwingine. Kwa kipande cha mita za mraba 300, hesabu hiyo mara nyingi inakushauri urudi hatua ya tano, na sheria haikatazi watu kupatana hata shauri likiwa linaendelea.

Hatua ya nane: Ufunge mpaka ardhini na kwenye masjala

Iwe mmepatana au mmeamuliwa, mpaka uwekwe mara moja. Uamuzi wa baraza ukipuuzwa, omba kukazia hukumu badala ya kwenda mwenyewe na panga kuutekeleza. Vigingi vya mti huliwa na mchwa. Tumia bikoni za saruji kwenye pembe na kila mahali mstari unapokunja, kisha pandeni mimea ya mpaka kati yake mwanzoni mwa mvua, juu ya mstari wenyewe na siyo upande wa mtu mmoja. Acheni ukanda wa majani wa nusu mita kila upande ambao plau haitaugusa. Mtu atalalamika kwamba ardhi inapotea, ila ukanda huo ndio unaompa maksai nafasi ya kugeuka bila kukanyaga mkonge.

Kijiji chenu kikiwa na cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi bora ya ardhi, ombeni hati za kimila kwa mashamba yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa uhakiki huwataka majirani wasimame mpakani na kukubali kwa saini, na hakuna wakati mwepesi wa kupata saini hiyo kama majuma machache baada ya kupatana. Shamba la familia liandikwe majina ya mke na mume. Nakala za makubaliano au za hukumu zibaki kwa kila upande, kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwenye masjala ya ardhi ya kijiji. Watendaji wa vijiji huhamishwa, na faili hazihami vizuri kila mara, kwa hiyo mtendaji mpya akifika, nenda ofisini na nakala yako, mwombe akuonyeshe iliyo katika faili lake, na kama haipo, mwachie nyingine aigonge muhuri wa kupokea.